Gambuti jozi 12 za kikundi cha mikoko: nilichokiona baada ya misimu miwili Mikindani

Gambuti hizi nilizinunua kwa fedha ya watu, ndiyo maana naandika kwa kirefu. Kikundi chetu cha mazingira hapa Mikindani, Mtwara, kina wanachama 23, hakina mfadhili, na kila mwanachama anachanga shilingi 1,000 kwa mwezi. Jozi 12 kwa shilingi 18,000 kila moja ni shilingi 216,000. Michango ya miezi tisa ilitupa 207,000, na 9,000 iliyopungua tuliipata kwa kuuza chupa za plastiki tulizookota ufukweni. Wenzetu wa vikundi vingine wananiuliza kama zinafaa. Jibu langu ni kwamba zinafaa kwa kazi moja na zinaharibu nyingine, na ile zinayoiharibu, kupanda mikoko, ndiyo tuliyozinunulia.

Zenyewe ni za kijani, soli ya njano, zinaishia chini kidogo ya goti. Muuzaji aliniambia ni mpira mtupu. Si mpira, ni plastiki laini, na tofauti hiyo tulikuja kuijua baadaye.

Nianze na ununuzi, maana hapo nilikosea mwenyewe. Niliomba namba mchanganyiko, nikafungiwa mzigo kwenye salfeti, nikapakia kwenye bajaji bila kufungua. Nyumbani nikakuta namba 41 jozi mbili, 42 jozi sita na 43 jozi nne. Kwenye kikundi chetu wanawake tuko 15 na wengi tunavaa 37 hadi 39. Niliporudi dukani Jumatatu nikajibiwa kwamba mali ikishatoka hairudi. Risiti nayo ilikuwa ya mkono, imeandikwa jumla tu. Mweka hazina wetu aliikataa mbele ya kikao, na alifanya sawa. Wanachama wetu hatuwalipi hata nauli. Wanaendelea kuchanga kwa sababu kila mwisho wa mwezi wanaona elfu yao imekwenda wapi. Nilipanda tena daladala kwenda mjini, nikasimama dukani mpaka nikapewa risiti ya mashine. Kwa hiyo mkienda kununua, nendeni wawili, mkiwa na karatasi yenye namba za miguu ya wanachama, na kila jozi ifunguliwe palepale.

Sasa kazi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, gambuti hizi nazipa alama zote. Pwani yetu tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 imepata nafuu ya mifuko, lakini chupa, pampasi, vipande vya nyavu na vioo bado vinakuja na maji, na vingine vinatoka kwenye mitaro yetu wenyewe. Kabla ya gambuti tulikuwa tunafunga safari ya zahanati karibu kila mwezi kwa ajili ya mtu aliyekanyaga chupa. Tangu tuzinunue hajakatwa mtu mguu kwenye usafi, hata mmoja. Soli ni nene, mtaro wenye maji machafu unaingia bila wasiwasi, na ukimaliza unamwagia ndoo ya maji tu. Kwenye kitalu chetu cha miche ya kivuli pia, asubuhi kukiwa na umande na siafu, ziko vizuri sana.

Kwenye mikoko ni habari nyingine.

Msimu wa kwanza tulipata ruhusa ya serikali ya mtaa na ofisi ya misitu, maana mikoko yote ya pwani hii ni msitu wa hifadhi na hata kupanda hauingii tu kichwakichwa. Tukaokota mbegu za mkoko chini ya miti mama, zile ndefu zinazoning'inia kama rungu, mia sita kwa hesabu. Tukachagua Jumamosi ya bamvua, siku maji ya bahari yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kwa sababu siku hizo kwetu maji yanakauka sana kuanzia kama saa nne asubuhi, na watu wanapata muda wa kutosha kabla hayajarudi. Walikuja watu 31, wakiwemo wanafunzi. Gambuti ni 12.

Tulipojaribu kuingia penye tope lenyewe, nyuma, kwenye uwazi ulioachwa na wakata nguzo, tope lilizinyonya. Gambuti ikizama hadi kwenye kifundo, hewa haipiti chini, na ukivuta mguu unatoka mguu peke yake na soksi. Kijana mmoja, mrefu na mwenye nguvu, alizama mpaka juu ya goti na gambuti ikajaa tope kwa juu. Ikawa nzito kama jiwe. Tulimtoa watu wanne, tukiwa tumelala kifudifudi juu ya matawi makavu, na maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Mama yake alikuwa pale pale akituangalia. Siku ile niliogopa kuliko siku yoyote tangu nishike uenyekiti, na jioni nilikwenda kwao kumwomba mama yule radhi.

Baada ya hapo tukafanya jambo ambalo lilionekana la busara. Tukahamia mbele, upande wa bahari, kwenye mchanga mgumu uliochanganyika na tope kidogo, mahali gambuti zinapotembea bila shida. Tukapanda zote mia sita kwa mistari iliyonyooka, hatua moja hadi nyingine, tukapiga picha, tukafurahi.

Baada ya miezi miwili nilihesabu mwenyewe nikakuta 71. Wimbi lilizing'oa, nyingine zimefunikwa na mwani, nyingine zimelala. Nilikuwa nimesimama pale nina kalamu na daftari alipopita bibi mmoja anayeokota chaza, ndoo kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Watoto wenu hawa wamekufa, ee?"

Nikamwambia wengi wamekufa.

"Hapa mkoko haujakaa tangu nizaliwe mimi. Hata mama yangu hajauona hapa. Sasa nyinyi kwa nini mmepanda hapa?"

Nikatafuta jibu nikakosa, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa ni viatu. Gambuti ndizo zilizotuchagulia eneo. Mkoko unataka mahali maji yanapofika na kuondoka, penye tope tulivu lisilopigwa na mawimbi. Mbele kabisa, unakaa mlilana, aina nyingine ya miti ya mikoko. Na pale ambapo hakuna mti wowote uliowahi kusimama, mara nyingi kuna sababu. Mambo haya afisa misitu alikuwa ametueleza kwenye kikao. Tuliyasikia, tukayaandika, halafu tukaenda panapotembeka.

Bibi alituonyesha anavyotembea. Anakanyaga kwa vidole kwanza, hasimami, na akizama anazungusha kisigino kabla ya kunyanyua. Anapita karibu na mizizi, ambako tope limeshikana, bila kuikanyaga mizizi yenyewe. Anatembea peku. Lakini nyayo zake zimezoea miaka sitini, na za wanafunzi wangu zinakatwa na chaza walioshika kwenye mizizi, makali kama wembe.

Msimu wa pili tukajaribu raba kuukuu za mtumba, za kamba, shilingi 4,000 hadi 6,000 pale sokoni. Sharti ni mbili: zikubane, na kamba ipite mpaka juu ya kifundo, ifungwe fundo mara mbili. Maji yanaingia na yanatoka, tope halipati mdomo wa kukaa. Kwa ajili ya ugoko, mimi ni fundi cherehani, nikakata miguu ya jinzi zilizochakaa, nikashona vifuniko vyenye lastiki juu na utepe wa kupita chini ya soli. Jinzi moja inatoa jozi moja. Hakuna aliyekatwa na chaza kwenye ugoko tangu tuanze kuvivaa, na namwambia kila mwenye kikundi cha pwani: kamtafuteni fundi wenu wa mtaani kabla ya kwenda dukani. Yeboyebo tulizijaribu pia. Zinavuka mchanga vizuri, ila kwenye tope zinabaki chini kama gambuti.

Tulipanda mia nne tu safari hii, kule nyuma kwenye tope, watu 14 waliokuwa tayari kuchafuka. Mwezi uliopita nilihesabu 289, nyingi zikiwa na majani manne na zaidi.

Turudi kwenye gambuti zenyewe, kwa upande wa kudumu. Hadi mwezi wa kumi na nne jozi tatu zilikuwa zimepasuka palepale, mbele ya kifundo, panapokunjika. Kosa moja ni letu: tulikuwa tunazianika juani mchana kutwa, na plastiki ya namna hii ikipigwa na jua la hapa inakakamaa. Fundi baiskeli alibandika kiraka kwa solusheni ya tairi, kikabanduka baada ya wiki mbili. Solusheni ile inashika mpira, na hii si mpira. Fundi viatu aliziyeyusha kwa kisu cha moto akaziunganisha, hizo zilivuka miezi miwili. Sasa hivi tunaziosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tunazigeuza juu ya vijiti kivulini, na tangu hapo hazijapasuka nyingine.

Jambo jingine ambalo hamtaambiwa dukani ni fangasi. Jozi 12 zinazovaliwa na watu 31 kwa zamu zinabeba muwasho kutoka mguu hadi mguu. Wanawake watatu waliacha kuja, na ilinichukua muda kujua kwamba ni aibu ya vidole vyao. Niliwafuata nyumbani mmoja mmoja. Sasa kila mtu anakuja na soksi zake, na hakuna ruhusa ya kuvaa gambuti bila soksi. Wawili kati yao wamerudi.

Vifaa vingine kwa ufupi. Glovu za kitambaa zenye mpira kiganjani nunueni, zile nyembamba za hospitali acheni. Reki tumezichomelea kwa fundi wa vyuma wa hapa hapa, hazijavunjika. Salfeti za taka tumieni za mchele au sukari. Zile za salfa ya kupulizia mikorosho, hata kama mnapewa bure na zimejaa kila nyumba msimu ukiisha, msizitumie: unga unaobaki unawasha macho, na kijana wetu mmoja aliyekuwa na pumu alihangaika nao sana.

Nikipewa leo 216,000 ile ile, ningenunua gambuti jozi sita tu, namba 38 hadi 41, za usafi na kitalu. Fedha inayobaki ningepeleka kwenye raba za mtumba na lastiki. Kama gambuti za kazi za mitaroni na ufukweni nazipa nne kwa tano. Kwa kupanda mikoko sizipi hata moja, na duka lile sirudi.

Zile za namba 43 zimebaki jozi mbili nzima, hazijavaliwa hata mara tatu, ziko kwenye kona ya chumba changu cha kushonea. Kama kuna kikundi cha usafi Msangamkuu au Naumbu chenye watu wa miguu hiyo, waje wazichukue bure. Ila wazipeleke mitaroni, wasiingie nazo kwenye tope.