Monument Valley: gemu la kutuliza akili, na kile kishikio chake!

Mwakeye, mwakeye! Karibuni tena watu wangu, mlioko hapa Kigoma na mlioko mbali. Leo nina gemu moja tu, Monument Valley, na msikimbie eti kwa sababu ni la zamani. Lilitoka 2014, limetengenezwa na kampuni ya ustwo games ya London. Habari za simu yako ina RAM ngapi utazisoma mwenyewe Play Store. Mimi nataka muone hiki kishikio, cha kuzungushia vipande vya njia humu ndani.

Ngoja niisogeze simu kwenye kamera. Huyu binti mweupe mwenye kofia ndefu iliyochongoka anaitwa Ida. Yuko huku chini, mlango uko kule juu, na katikati njia imekatika. Daraja hakuna. Sasa nashika kishikio, nakizungusha taratibu... sikilizeni na mlio wake, kila kikisogea kinatoa sauti kama kinanda... taratibu... hapo! Ile njia iliyokuwa nyuma kabisa imeshikana na hii ya mbele. Nagusa pale juu, Ida huyoo anapita. Narudia, maana najua kuna mtu hajaamini. Nikirudisha, zimeachana. Nikizungusha, zimeungana. Haki ya Mungu, hapa naweza kukaa jioni nzima.

Siri iko kwenye uchoraji. Ukisimama stesheni yetu ukaitazama reli ya kwenda Tabora, unaiona inazidi kubana kadiri inavyokwenda mbali, na jicho linapima umbali kwa namna hiyo. Humu wamekiondoa kipimo hicho. Tofali la mbali na la karibu yanachorwa kwa ukubwa uleule, kwa hiyo jicho haliwezi kujua lipi liko mbele. Yakigusana kwenye kioo, gemu linahesabu yamegusana kweli, na Ida anapita. Ni mambo ya mchoraji wa Uholanzi, M. C. Escher, yule aliyechora maji yanaporomoka halafu yanarudi yenyewe kule yalikotoka.

Halafu tazameni hiki kidogo. Namsimamisha Ida juu ya kipande kinachozunguka. Mmeona? Vijiti vya kishikio vimejificha ndani! Yaani gemu limekwambia subiri ashuke kwanza, na halijaandika neno hata moja. Mtoto asiyejua kusoma analicheza hili. Magemu mengine yanakujazia maelezo kioo kizima mpaka unachoka kabla hujaanza.

Humu hakuna kufa. Hakuna saa inayokukimbiza, hakuna matangazo ya kukurukia. Kuna wale kunguru weusi wanaokuzibia njia na kukupigia kelele, basi, hawakufanyi kitu. Na kuna hatua ya kasha, kasha dogo tu, unalifungua upande huu unakuta jumba, unalifunga, unalifungua upande mwingine unakuta jumba jingine kabisa. Sitawaonyesha. Hiyo mkaikute wenyewe, na mvae spika za masikioni.

Sasa kinachoniudhi: hatua ni 10 tu! Chini ya saa mbili umemaliza. Na ni la kulipia, lilipotoka lilikuwa dola 3.99. Kuna nyongeza, Forgotten Shores, hatua 8 nyingine, nayo ya kulipia, na mwaka uleule wa 2014 watu walichachamaa wakaipiga nyota moja moja. Mwanzoni nilikuwa upande wao. Lakini kila ninavyolirudia hili gemu naona kila hatua ina wazo lake jipya, hakuna hatua ya kujazia. Kwa hiyo hapana, kwa nyota moja waliwaonea watengenezaji.

Mtaniuliza, mbona gemu jingine la kutuliza, Sky: Children of the Light, ni ya bure? Ni ya bure na ni nzuri, mawingu yake yanapendeza kweli, ila inataka intaneti muda wote, na bando mnalijua. Hili ukishalishusha, hata uwe kwenye boti ya Kibirizi kwenda Mwamgongo na mtandao umekata, unacheza. Alto's Odyssey nayo ni tamu, lakini ile ni kuteleza na kuruka, ukikosea umeanguka. Ukitaka kupumzika kabisa, sikushauri uanze nayo.

Kabla sijasahau, video zetu sasa zitakuwa zinatoka Alhamisi jioni, si Jumapili tena, wengi mmeniomba. Na maiki ni mpya, niambieni kama upepo wa ziwani bado unasikika.

Kuhusu bei, angalieni dukani kabla ya kununua, huwa wanapunguza. Likishuka, chukua siku hiyohiyo. Hata kwa bei kamili, mimi ningelipa tena. Hatua ya kwanza na ya pili mzicheze bila kuniuliza njia kwenye komenti, tafadhali. Mkikwama kwenye kunguru, niandikieni, nitawajibu.