Sola nyumbani Ayalandi: ruzuku, kotesheni tatu, na mwaka wa kwanza wa matumizi

Nyumba yetu iko Navan, kaunti ya Meath. Ilijengwa mwaka 2003, na paa lake linatazama mashariki na magharibi. Tumefunga paneli 10 za wati 440, yaani kilowati 4.4, bila betri. Mwaka mzima umepita na zaidi, na kwa kuwa Waswahili wenzangu wengi hapa wananiuliza kama sola inalipa, nayaandika yote mahali pamoja. Inalipa. Ila nimeona kwamba ruzuku ni sehemu ndogo tu ya hadithi. Pesa nyingi huokolewa au hupotea kwenye kotesheni, yaani bei ambazo makampuni yanakuandikia kabla ya kazi.

Hata hivyo tuanze na ruzuku, maana ndiyo inayowavuta watu. Inatolewa na SEAI, mamlaka ya serikali ya nishati endelevu. Mwaka 2023 kiwango cha juu kilikuwa yuro 2,400, mwaka 2024 kikashuka hadi 2,100, na 2025 kikawa 1,800. Hesabu ya 2025 ni yuro 700 kwa kila kilowati katika zile mbili za kwanza, kisha yuro 200 kwa kila kilowati hadi ufike nne. Ukishapita hapo, hata ujaze paneli paa zima, huongezewi senti. Nyumba iwe imejengwa na kukaliwa kabla ya mwisho wa 2020. Pia MPRN, ile namba ya tarakimu 11 iliyo kwenye bili ya umeme, iwe haijawahi kuchukuliwa ruzuku ya sola. Kama mwenye nyumba aliyekutangulia aliichukua, basi imekwisha hiyo.

Maombi yenyewe ni mepesi, unajaza mtandaoni. Kuna sharti moja tu ambalo halina msamaha: barua ya kukubaliwa itangulie, kazi ifuate. Fundi akipandisha paneli kabla ya barua, ruzuku hupati. Barua ikishatoka una miezi minane ya kumaliza kazi, na fundi lazima awe kwenye orodha ya waliosajiliwa na SEAI. Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi mapema ni kwamba fundi unamlipa bei yote kwanza, ruzuku inakuja baadaye kwenye akaunti yako. Sisi tulikopa credit union, ambayo ni kama sacco za kwetu, na riba yake ilikuwa nafuu kuliko ile tuliyotajiwa na muuzaji.

Sasa kotesheni. Tulichukua tatu.

Ya kwanza ililetwa na kijana muuzaji aliyekuja jioni na tableti yake. Alituonyesha paneli 12 na betri ya kilowati-saa 10, na chini ya ukurasa, kwa herufi kubwa: yuro 13,900 baada ya ruzuku. Bei yenyewe, yaani 15,700, haikuandikwa popote. Mume wangu alimuuliza, "Na bila betri ni bei gani?" Hakuwa nayo. Akasema tukisaini usiku ule anatupunguzia 1,000, kesho hawezi kuahidi. Niliangalia hesabu yake ya faida ya miaka 20. Alikuwa amechukulia kwamba bei ya umeme itapanda kila mwaka bila kusimama, na kwamba kila yuniti itakayozalishwa tutaitumia wenyewe kwa bei ya mchana. Hakuna nyumba inayoishi hivyo. Hatukusaini. Baadaye alituma kwa barua pepe bei ya paneli zilezile bila betri: 11,200.

Ya pili ilikuja bila mtu kufika. Walipima paa kwa picha ya setilaiti na kuandika yuro 6,650 kwa paneli 10. Bei tamu. Lakini kwenye mstari wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, palikuwa na maneno haya tu: "inveta ya 5 kW". Hapakuwa na jina la kampuni, modeli wala muda wa waranti. Niliwaandikia nikiuliza kuhusu jukwaa la mafundi kupandia paani, wavu wa kuzuia ndege wasijenge viota chini ya paneli, na cheti cha BER, yaani cha kiwango cha nyumba cha kutumia nishati, kinachodaiwa na SEAI baada ya kazi. Majibu yalikuja moja moja, na kila jibu liliongeza kitu. Mwisho tukafika 7,450.

Ya tatu ililetwa na fundi mwenyewe, mzee wa makamo. Alifungua sanduku la fyuzi, akapanda darini na tochi, akashika mbao za paa kwa mkono. Aliposhuka akauliza swali ambalo wale wengine hawakuliuliza: "Mchana nani yuko nyumbani?" Nikamwambia mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, mchana niko hapa, na mashine ya kufulia na ya vyombo naweza kuziwasha wakati wowote. Akasema, kwa maisha hayo betri isubiri. Tufunge inveta aina ya hybridi ili betri iweze kuongezwa baadaye, na kifaa cha kupeleka umeme unaobaki kwenye tangi la maji ya moto. Aliona pia kivuli cha dohani ya jirani na kuhamisha paneli mbili upande wa mashariki. Bei yake: yuro 7,600, kila kitu ndani, pamoja na BER na fomu ya NC6 ya kuunganisha sola kwenye gridi, inayopelekwa ESB Networks, kampuni inayosimamia nyaya za umeme.

Kuna dada mmoja wa Mombasa anaishi Drogheda, alitangulia kufunga. Aliniambia, "Mdogo wangu, gawanya bei kwa kilowati kwanza, maneno baadaye." Nikagawanya, kabla ya ruzuku na bila betri. Muuzaji wa tableti alikuwa karibu yuro 2,120 kwa kilowati. Wa setilaiti, baada ya nyongeza zote, karibu 1,690. Fundi aliyepanda dari, karibu 1,730. Kati ya hao wawili wa mwisho tofauti ni yuro 150, na mimi 150 naitoa kwa moyo mkunjufu kwa mtu aliyeliona paa langu kwa macho. Ukipokea kotesheni angalia pia VAT: tangu Mei 2023 sola ya nyumbani ni asilimia sifuri. Ukikuta imeongezwa kodi, uliza kwa nini.

Baada ya ruzuku tulibaki na gharama ya yuro 5,800. Mwaka wa kwanza paneli zilitoa kama yuniti 3,500. Siku nzuri za Mei tulipata 24 kwa siku. Desemba mwezi mzima haukufika 80, hilo mlijue mapema msije mkadhani kitu kimeharibika. Karibu nusu tuliitumia wenyewe, umeme ambao tungenunua kwa senti kama 35 yuniti. Iliyobaki iliingia kwenye gridi, na kampuni yetu ya umeme inatulipa senti 20. Malipo hayo hayatozwi kodi ya mapato hadi yuro 400 kwa mwaka. Ukijumlisha vyote, kwetu ni kama yuro 950 kwa mwaka, kwa hiyo mfumo utakuwa umejilipa ndani ya miaka sita na kidogo. Kama mchana nyumba yenu haina mtu, hesabu yenu itakuwa nyingine, na hapo betri inaweza kuwa na maana. Betri haina ruzuku.

Jambo la kukatika umeme nalisisitiza, kwa sababu sisi tuliotoka kwetu tunaijua sola kama dawa ya giza. Hapa sivyo. Gridi ikizima, inveta nayo inajizima, hata jua liwe kali namna gani, ili isipeleke umeme kwenye nyaya zinazoshikwa na mafundi. Dhoruba Éowyn ya tarehe 24 Januari 2025 iliwaacha wateja 768,000 bila umeme, na paneli peke yake hazikumsaidia mtu. Ukitaka taa na friji ziendelee, unahitaji betri pamoja na swichi maalumu ya kuhamisha nyumba kutoka kwenye gridi. Ikiwa muuzaji anasema "mfumo wetu una akiba", mwambie aiandike swichi hiyo kwenye kotesheni na bei yake.

Lalamiko langu ni moja, na ni la baada ya kazi. Mkaguzi wa BER aliyetumwa na kampuni alichelewa, na bila cheti chake SEAI haiwezi kulipa, kwa hiyo ruzuku ilikaa huku sisi tunalipa mkopo. Kisha Februari programu ya simu ikaacha kuonyesha uzalishaji. Umeme ulikuwa unatoka, lakini hatukujua ni kiasi gani, na ilibidi nipige simu mara nyingi kabla hawajaja kubadilisha kifaa kidogo cha mawasiliano. Walikibadilisha bure, chini ya waranti. Kazi ya paani nawapa nyota tano, huduma ya baadaye tatu.

Kwa mnaoishi kwenye nyumba za kupanga: mwenye nyumba naye anaruhusiwa kuomba ruzuku hii, hata kama haishi humo. Ikiwa bili ya umeme iko kwa jina lako wewe mpangaji, mkubaliane naye kwa maandishi malipo ya umeme unaouzwa yataingia kwa nani kabla fundi hajaitwa.