Taa ya Ndani Inayowaka Ukifungua Mlango: Ununue Swichi Gani kwa Lori Kuukuu

Malalamiko yananijia mfululizo kutoka kwa wenye malori na pikapu za Nakuru, Njoro na Molo, na yote yanafanana. Mtu amewekewa taa ya ndani inayowaka mlango ukifunguliwa, kazi imeonekana safi kwa siku chache, halafu asubuhi moja gari linakataa kushika. Betri imekwisha. Fundi analaumu betri, muuza betri analaumu oltaneta inayochaji betri, na mwenye gari analipa pande zote mbili. Mmoja wao, anayebeba viazi kutoka Kuresoi, alinunua betri mpya ilhali ile ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye swichi ya mlango, kitu cha ukubwa wa kidole gumba ambacho hakuna aliyekitazama mara mbili.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia mwangaza, rangi wala umbo la taa. Taa karibu zote zinazouzwa mjini zinatosha kumulika kebini. Ninachotaka ukichunguze kabla hujatoa pesa ni urefu wa pini ya swichi.

Swichi ya kawaida ya mlango ni pini yenye springi. Mlango ukifungwa unaisukuma pini ndani, na mguso, yaani vyuma vinavyopitisha umeme, unaachana. Ukifungua, springi inaitoa pini nje, mguso unakutana na bodi, waya wa taa unapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, taa inawaka. Magari mengi ya Japani yameundwa hivyo: umeme uko kwenye taa wakati wote, na kinachokatwa na swichi ni ethi. Ndiyo maana swichi nyingi zina waya mmoja tu. Njia ya pili ni bodi yenyewe, kupitia skrubu iliyoishikilia swichi.

Gari likiwa jipya, kiwanda kinajua nafasi iliyopo kati ya mlango na nguzo ya bodi unapofungia, na pini imetengenezwa kwa kipimo hicho. Lori la miaka ishirini halina tena kipimo hicho. Bawaba zimelegea na mlango umeshuka. Pengine mlango wenyewe ulitoka kwenye gari lingine baada ya ajali, au mtu amebandika raba mpya nene kuzuia vumbi na sasa raba hiyo inausukuma mlango nje. Nafasi imeongezeka kwa milimita kadhaa, tena ya juu hailingani na ya chini. Ukiweka swichi mpya yenye pini fupi, mlango unaibana nusu tu. Mguso hauachani vizuri. Taa inabaki ikiwaka ndani ya kebini iliyofungwa, pazia za dereva zimeshushwa, na hakuna anayejua mpaka alfajiri.

Hesabu yake si ngumu. Balbu ya wati 10 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 0.8. Ukiegesha Jumamosi jioni saa kumi na mbili na kurudi Jumatatu alfajiri saa kumi na mbili, ni saa 36, yaani kama ampea-saa 30. Betri ya ampea-saa 70 iliyochoka, ambayo labda imebakiwa na nusu ya uwezo wake, haitazungusha injini ya dizeli baada ya hapo, hasa kwenye baridi ya Molo. Taa ya LED ya wati 1 ingekula ampea-saa 3 tu kwa muda huohuo. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kununua LED kwa kazi hii: swichi ikikosea, betri bado inabaki na nguvu ya kukuwashia gari.

Pini ndefu kupita kiasi nayo ina shida zake. Mlango unagoma kufunga, utingo anaupigiza kwa nguvu, na baada ya wiki chache pini imepinda au imevunjika.

Pima hivi. Chukua bonge dogo la unga wa chapati uliokandwa, lizungushie nailoni, libandike kwenye nguzo pale swichi itakapokaa, kisha funga mlango jinsi unavyoufunga kila siku. Fungua, pima kwa rula unene uliobaki. Hiyo ndiyo nafasi yako. Pini ikiwa imetoka yote iwe ndefu kuliko nafasi hiyo kwa milimita 5 au zaidi, na ikibanwa yote iwe fupi kuliko nafasi hiyo. Pima kila mlango peke yake. Upande wa dereva hufunguliwa mara nyingi zaidi na bawaba zake huchakaa mapema, kwa hiyo usishangae namba mbili zikitofautiana.

Ya kwanza: swichi orijino ya Toyota

Sifichi upendeleo wangu. Hata kama gari lako ni Isuzu au Mitsubishi, mimi ningekushauri utoboe tundu na kuweka swichi ya mlango ya Toyota. Ile ya mtindo wa zamani ina umbo la chuma, skrubu moja, pini inayosafiri umbali wa kutosha, na kofia ya raba inayofunika pini yote. Kwenye vipuri vya Toyota namba ya swichi hii huanza na 84231. Tarakimu zinazofuata hubadilika kulingana na gari, na hapo ndipo urefu wa pini unapotofautiana. Nenda na kipimo chako, uombe kulinganisha.

Ile kofia ya raba usiipuuze. Huku kwetu vumbi ni jepesi na linaingia kila mahali, na anayepita Kariandusi kwenye machimbo yenye vumbi jeupe anajua ninachosema. Vumbi likichanganyika na maji ya mashine za kuoshea magari linakuwa tope ndani ya swichi, pini inakwama ikiwa imeingia nusu, na tunarudi palepale. Swichi isiyo na kofia siihesabu kabisa. Raba ikichanika, badilisha hiyo raba au swichi nzima. Tepu ya umeme haitazuia kitu.

Iliyotumika kutoka Japani ni nzuri pia, mara nyingi nzuri kuliko mpya ya bei ya chini. Ibonyeze polepole usikilize. Pini irudi yenyewe bila kusitasita. Muuzaji akiwa na testa, mwombe akuonyeshe mguso unaachana pini ikiwa imebakiza urefu gani. Ukiachana mapema, kabla pini haijafika mwisho wa safari yake, hiyo ni swichi ya lori kuukuu.

Ukifunga, paka rangi kwenye kingo za tundu ulilotoboa ili kutu isianze, lakini kwangua rangi pale skrubu inapogusa chuma, kisha paka Vaselini kidogo juu ya skrubu. Bila chuma kugusa chuma hakuna ethi. Kwa Land Rover za zamani zenye paneli za alumini, skrubu ya chuma na alumini zikikutana na unyevu zinalana, kwa hiyo vuta waya wa ethi mpaka kwenye fremu.

Na sasa bei. Kwenye maduka yaliyo barabara moja hapa Nakuru nimetajiwa kuanzia shilingi 1,200 hadi 2,800 kwa swichi yenye namba ileile. Nikiuliza kwa nini, najibiwa kwamba hii ni orijino, kana kwamba ile ya jirani yake yenye namba ileile si orijino. Mwanamke akiingia peke yake bei inapanda kabla hajasema neno. Nimeliona hili mara nyingi mno kudhani ni bahati mbaya. Halafu kuna ile mihuri kwenye risiti, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike na alichonunua. Swichi ambayo mguso wake hauachani haina ubora wowote, iwe muhuri umepigwa au haukupigwa. Nisichoelewa ni kwa nini muuza spea ambaye ana betri na testa chini ya kaunta anakataa kuijaribu swichi mbele ya mteja. Jaribio hilo halichukui dakika moja. Anayekataa, mwachie swichi yake.

Ya pili: swichi ya sumaku

Hii ni kama ile inayowekwa kwenye milango ya nyumba zenye kengele za wezi: sumaku kwenye mlango, swichi kwenye nguzo, hakuna pini. Kwa mlango ulioshuka vibaya, ambao kila siku unafunga tofauti, naipenda sana, kwa sababu nyingi hufanya kazi hata nafasi ikifika milimita 15. Haina springi ya kukwama wala tundu la kuingiza tope.

Lakini ina mitego miwili. Wa kwanza, swichi nyingi za kengele huunganisha sumaku ikiwa karibu, yaani mlango ukiwa umefungwa. Wewe unataka kinyume chake. Nunua ile yenye skrubu tatu ili fundi achague upande, na umwambie waziwazi: taa iwake sumaku ikiondoka. Wa pili, mguso wake ni mwembamba, na nyingi hazikutengenezwa kubeba zaidi ya nusu ampea. Ukiifungia balbu ya wati 10, mguso unaweza kuungua na kugandana, na taa haizimiki tena. Itumie na LED ndogo tu, au uweke katikati rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa. Tena chuma cha mlango hupunguza nguvu ya sumaku, kwa hiyo iinue kidogo kwa kipande cha plastiki badala ya kuilaza moja kwa moja juu ya bati.

Ya tatu: pini ya boneti ya kengele za gari

Wanaofunga kengele za magari huwa nazo. Pini ni ya plastiki na ndefu, unaikata mpaka ifikie kipimo chako cha unga. Kwa kuikata tu inapita nyingi za bei yake. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi huja bila kofia ya raba, na plastiki inaliwa na mlango unaofungwa mara mia kwa siku. Kwa pikapu ya nyumbani, sawa. Kwa lori la miwa linaloingia na kutoka Muhoroni, hapana.

Taa za kubandika zenye betri zake ndogo, zinazohisi mtu akisogea, siziweki kwenye orodha. Zinadondoka barabara ya Olenguruone haijafika nusu. Nyuzi za LED za kukata kwa mita zinauzwa kila kona. Nunua nusu mita ukitaka, lakini roli nzima ya mita 5 ya zile nene inaweza kufika wati 72, na swichi ya mlango haikuundwa kwa mzigo huo.

Kwa taa yenyewe, nunua yenye hatua tatu: washa, mlango, zima. Ile hatua ya kuzima ndiyo itakayokuokoa swichi ikiharibika safarini. Hella, watengenezaji wa taa wa Ujerumani, wanazo, na zipo zao za LED zinazokubali volti 12 na 24, ingawa si kila duka la Nakuru linaziweka. Ukibadilisha balbu tu kwenye taa iliyokuwepo, toa ya zamani uende nayo, kwa sababu zile ndefu zenye ncha mbili zina urefu wa milimita 31, 36 na 41 na muuzaji atakupa yoyote iliyo karibu. Na ukiona LED inawaka kwa mbali hata mlango ukiwa umefungwa, kuna umeme unaovuja kupitia uchafu kwenye swichi. Balbu ya zamani isingekuonyesha hilo. Safisha swichi.

Mwisho, volti. Isuzu FRR na FSR zilizo barabarani huku, nyingi zikiwa za tangu kampuni inayoziunganisha Kenya ikiitwa General Motors East Africa, kabla ya kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017, kwa kawaida ni volti 24, na pikapu kama Hilux ni 12. Usihesabu betri kwa macho, kwa sababu ziko Land Cruiser zenye betri mbili zilizofungwa sambamba na mfumo wake ni volti 12. Pima kwa mita ya umeme kwenye waya wa taa wenyewe. Duka likikosa taa ya volti 24, utaambiwa fundi atachukua umeme katikati ya betri mbili, upate 12. Kataa. Betri moja itakuwa inatumika peke yake na nyingine inachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati wake. Kama redio yako ilifungwa kwa njia hiyo, mwombe fundi aiondoe pale siku hiyohiyo, aiwekee kibadilishaji cha kushusha 24 hadi 12, na taa aipe waya wake wenye fiuzi ya ampea 2 au 3 karibu na betri.