Athari za masheikh wa Lamu: kuhesabu majina au kuchora silsila?

Kuhesabu majina ni njia ya haraka ya kupima athari ya sheikh: unapiga chapa maandishi, kompyuta inatafuta nani katajwa mara ngapi. Kwa vitabu vilivyochapwa inafaa. Kwa miswada kama ile ya Msikiti wa Riyadha, inakwama. Kiswahili cha hati za Kiarabu mara nyingi huandika p na b kwa ب ile ile, hivyo «pata» na «bata» ni neno moja machoni pa mashine. Tena mwalimu aliyesomesha maisha yake yote bila kuandika kitabu hupata sifuri, na hiyo ni dhuluma.

Silsila, yaani mnyororo wa nani alisomeshwa na nani, huanza na jedwali la safu nne: mwalimu, mwanafunzi, kitabu alichosomeshwa, mwaka wa Hijria. Kila ijaza, yaani idhini ya mwalimu kwa mwanafunzi kusomesha kitabu, ni mstari mmoja. Ukiingiza katika Gephi, programu ya kuchora mitandao, kila mtu huwa nukta. Kazi ngumu ni majina: Saleh, Swaleh na Salih wakiachwa hivyo, mtu mmoja hugeuka watatu na uzito wake hugawanyika. Mpe kila mtu namba kwanza. Miaka nayo iache ya Hijria, kwani mwaka mmoja wake huangukia miaka miwili ya Miladi: 1318 inaanzia Mei 1900 hadi Aprili 1901.

Kwa Lamu, silsila ndiyo itangulie.