TAHADHARI: Muuza kabro wa Eastern Bypass amekula pesa zangu

Jamani, kama mtu amekuelekeza kwa yule kijana wa kabro (zile tofali za zege za kutandika uwanja) kando ya Eastern Bypass, Nairobi, mwenye mpira wa maji unaomwagia kabro mchana kutwa, usiende. Mimi nilienda. Shilingi 100,000 zimekwenda na uwanja wangu bado ni matope.

Pale kwangu Ruai ni udongo mweusi, matope matupu, nikataka kutandika uwanja. Nilikuwa nimeuliza kwanza. Mawe ya Mazeras yanapendeza, lakini hadi yatoke Pwani bei si yangu. Kokoto tupu zinamezwa na ule udongo mweusi. Fundi akasema niweke kabro ya milimita 60 kwa sababu gari litapita juu, zile nyembamba ni za njia ya miguu. Mita 80 za mraba, kabro 50 kila mita, jumla 4,000. Yaani nilikwenda nikijua ninachotaka, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Alinipokea vizuri. "Karibu mama, keti hapa kivulini." Akachukua kabro mbili akazigonganisha, zikalia kama kengele. Akalaza moja juu ya nyingine mbili kama daraja, akasimama juu yake, akaniambia nisimame na mimi. Nikasimama. Akakwaruza moja kwa msumari, haikutoa hata vumbi. Akanipa futi nipime mwenyewe: 60 kamili. Akanieleza kwamba kabro ikikosa maji siku 7 za kwanza haishiki, na kwamba yeye hauzi kabla ya siku 28. Kila neno lilikuwa kweli. Mtu anakuonyesha mwenyewe namna ya kujua kabro mbovu, utamshuku vipi? Nilipotaka kulipa zote akakataa: "Mamangu, nipe nusu, nyingine ukishaona mzigo." Nikatoa 46,000, nikapewa risiti yenye muhuri.

Lori liliahidiwa saa nne asubuhi. Lilifika saa mbili usiku, mvua inanyesha, stima zimepotea. Dereva hakuzima injini. "Mama, lori si langu, nikikwama hapa nani atanitoa?" Nikapanda kwenye tairi na tochi ya simu, nikapima mbili za juu. 60. Nyekundu, nzito, zilezile. Kijana yuko kwenye simu, sauti ya upole, ananiambia ile namba ya biashara ina shida ya mtandao, nitume kwa hii nyingine. Nikatuma 54,000, baki pamoja na 8,000 za usafiri. Ujumbe wa M-Pesa ukaja na jina la mwanamke nisiyemjua. Nililiona lile jina. Nililisoma. Na bado nikamwambia dereva amwage.

Asubuhi maji yaliyokuwa yanatoka chini ya rundo yalikuwa mekundu kama ya kuoshea nyama. Mtoto wangu aliokota moja, kona ikamvunjikia mkononi. Zilizokuwa chini ni za milimita 40, mbichi, ukizigonga zinatoa sauti ya mti uliooza. Tulihesabu hadi saa saba: 3,400, na zile nene hazifiki 300. Fundi akauliza kitu kimoja tu: "Mama, lori lilikuwa la tani ngapi?" Tani 7. Kabro 4,000 za milimita 60 zinakaribia tani 11. Nikakosa la kusema.

Nilituma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom, ili pesa zirudishwe, zilikuwa zimeshatolewa. Simu yake imezimwa. Pale anapouzia kuna mwingine sasa, anasema bosi amesafiri.

Huyu mtu afungwe. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema hadi miaka 3 kwa kupata mali kwa udanganyifu, na kwangu hiyo ni michache. Alinitazama usoni nikimweleza kuhusu watoto na matope, akatikisa kichwa kwa huruma. Arudishe kila shilingi, halafu aje apakie huu uchafu wake kwa mikono yake mwenyewe mchana watu wote wa mtaa wakitazama. Na dereva naye asiachwe, alijua alichobeba.

Ukinunua kokote, nenda uone kabro zikipakiwa, usipokee usiku, chomoa za chini kabisa, na jina la M-Pesa lisipolingana na risiti usitume.

Namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, ninayo. Jumatatu saa tatu asubuhi narudi kituoni na kabro mbili kwenye mfuko, nene ya juu na nyembamba ya chini. Kama amekula zako pia, niandikie, uje na risiti yako.