Mchele wa Tanzania pale Nyamakima, maoni ya mtu wa Namanga

Kwetu Namanga nusu ya mji iko Kenya, nusu iko Tanzania. Mchele ulikuwa wa ng'ambo: shangazi anavuka asubuhi, anarudi na kilo tano kichwani, na saa saba tunakula wali upande huu. Ndiyo maana nikiona gunia Nairobi limeandikwa "Kyela", yaani mchele wa Kyela, kusini mwa Tanzania, siamini maandishi.

Duka ninalolisema ni la nafaka, pale Nyamakima, katikati ya Nairobi, lile la kushuka ngazi. Magunia yamekunjwa midomo, kila moja na kipande chake cha katoni: Kyela, Mbeya, Pishori, Sindano. Nikachota konzi moja ya hiyo Kyela, nikasugua viganjani, nikanusa. Kyela ya kweli hunukia hata ikiwa mbichi. Hii ilinukia gunia. "Kaka, hii ni Kyela kweli?" Akacheka. "Hapana, sista. Kyela iliisha jana. Hiyo ni Mbeya, sijatoa tu katoni." Nikampenda papo hapo. Mwingine angenipimia kimya, kwa bei ya Kyela.

Mbeya yenyewe nilinunua kilo kwa shilingi 190. Haina mawe, chenga ni chache, vikombe viwili hunywa vitatu vya maji na wali unaachana. Pilau ilitoka safi.

Ninachokataa ni kisingizio. Bei ikipanda unaambiwa "mpaka umekaza". Napiga simu nyumbani, naambiwa malori yanapita kama kawaida. Mpaka ukikaza sisi wa kule ndio hujua kwanza! Mei 2020, wakati wa korona, abiria walizuiwa kuvuka, mtu akawa anaona mabati ya ndugu yake na hafiki. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka; mchele haukuguswa. Na tangu kituo cha pamoja cha mpakani pale Namanga kizinduliwe Desemba 2018, lori linakaguliwa upande linakoingia tu, si mara mbili. Hata mama wa mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000, bidhaa zake zikiwa za Afrika Mashariki na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi hizo, halipi ushuru wa forodha. Kwa hiyo wakipandisha, waseme wamepandisha.

Nendeni, ila nuseni kwanza. Bebeni mfuko, wao wanauuza shilingi 20. Jumamosi msijisumbue, mikokoteni huwa imeziba mlango.