Siku tatu Pangani: mji wa mtoni unaotembelewa kwa saa za maji

Nilikwenda Pangani kwa siku tatu, nikitokea Tanga mjini kwa basi, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kuelekea kusini. Nilichotaka kuona ni mji wenyewe na mto wake, wala si ufukwe wa hoteli, kwa hiyo maelezo haya yatamfaa zaidi msafiri mwenye nia kama yangu. Naupa nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua nitaieleza.

Mgeni aelewe mapema kwamba Pangani mipango yote hufuata maji. Mji umekaa kwenye ukingo wa kaskazini, pale mto unapoingia Bahari ya Hindi. Maji yakijaa, bahari huupanda mto, na yakipwa, mto hushuka kwa kasi na kuacha mafungu ya mchanga mdomoni. Wavuvi hutoka na kurudi kwa mwendo huo, na mgeni naye hana budi kuufuata. Siku ya kwanza nililipuuza jambo hilo, nikakosa nusu ya safari niliyoilipia.

Safari yenyewe ilikuwa ya Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975, iliyoko kusini-mashariki mwa mji. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikaisha, mawimbi yakaila ardhi, na sasa kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu. Kwa sababu hiyo mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa bara, la sivyo yangezama. Mwenye boti niliyepatana naye alichelewa zaidi ya saa moja na nusu, na tulipofika mchanga ulikuwa umeshaanza kumezwa kutoka pande zote. Nilipata muda mfupi wa kuogelea juu ya matumbawe, na nilipoinua kichwa mahali tulipoweka mabegi palikuwa maji ya magotini, mabegi yenyewe yamesharudishwa botini na kijana wa chombo. Ushauri wangu ni mmoja: mwenye boti asipoweza kukutajia saa ya maji kupwa kabla ya kupokea fedha, mtafute mwingine.

Safari ya mtoni siku ya pili ndiyo iliyonifanya niupende mji huu. Tuliondoka alasiri maji yakijaa, tukapanda taratibu kati ya mikoko, kisha minazi ikaanza kutawala kingo zote mbili. Nahodha wangu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, hasemi mpaka aulizwe. Nilipomuuliza kama maji haya yanafaa kunywewa, alizima mashine, akayachota kwa kiganja.

“Onja, mwanangu.”

Nikaonja, yalikuwa ya chumvi, ingawa mdomo wa mto tulikuwa tumeuacha mbali nyuma yetu.

“Zamani ulikuwa huipati chumvi hapa,” alisema. “Mto umepungua nguvu, bahari ndiyo inayousukuma.”

Maneno yake yanaelezeka. Mto Pangani hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru, na njiani hutumika kumwagilia mashamba, kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzalisha umeme Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, hivyo kinachofika pwani ni kidogo kuliko zamani. Nimesoma habari za mabonde ya mito mara nyingi, lakini ilinibidi niionje ile chumvi ndipo nielewe kinachozungumzwa.

Mji wenyewe unatembelewa kwa miguu, na asubuhi moja inatosha. Hapa ndipo misafara ya pembe za ndovu ilipoteremkia kutoka bara, na bondeni kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipita mwaka 1857. Mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kutwaa mamlaka ya pwani, ni watu wa Pangani waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuikatalia, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita hivyo hadi aliponyongwa papa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Nilisimama muda mrefu mbele ya Boma nikiwaza hayo. Katika mtaa mmoja wa nyuma niliona mlango wa kuchongwa ambao nakshi zake za chini zimelainika kwa kuguswa, huku za juu zikiwa bado na makali. Nyumba iliyokuwa nyuma yake haikuwa na paa tena.

Nyota iliyopungua iko hapo. Majengo mengi niliyoyapita hayakuwa na kibao chochote cha kueleza ni nini na ya lini, na chumvi inazila kuta za chokaa na matumbawe bila kungoja mtu. Bila mwenyeji wa kukuongoza utapita mbele ya historia yote hiyo ukidhani ni magofu tu, kwa hiyo tafuta mwongozaji mzawa, na umpe muda wa kusimulia.

Asubuhi ya mwisho nilivuka kwa pantoni kwenda Bweni, pamoja na pikipiki, wanafunzi na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Ng'ambo hiyo ya kusini ndiko liliko Kikogwe, ambako mkonge ulipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1893, kwa miche 62 tu iliyonusurika safarini kutoka Marekani. Ukivuka, usikimbilie gari. Panda kilima cha Bweni kwanza, ugeuke: utaona mji wote ulivyojipanga ukingoni, na mbele ya mdomo wa mto, mstari ambapo maji ya udongo yanakutana na ya buluu, unaosogea polepole kadiri maji yanavyojaa.